Bustani ya Usharika Katika Nchi ya Makorongo

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kiwanja cha kanisa, au cha nyumba yoyote katika nyanda za juu za Mbulu, kinavyoweza kuwa bustani yenye kupendeza, yenye kustahimili mvua kubwa na ukame, na yenye nafasi kwa ndege na nyuki. Tunaifikiria Maretadu na vijiji vinavyofanana nayo.

Neno "korongo" lina maana mbili. Ni ndege mwenye miguu mirefu. Yule mweupe hutujia kutoka Ulaya na kula nzige na viwavijeshi mashambani. Tena ni ufa uliochimbwa na maji ya mvua. Je, viwanja vyetu vinamkaribisha korongo wa kwanza, au vinalichimba korongo la pili?

Katika miaka ya 1940 na 1950 vichaka vingi vya Mbulu vilifyekwa ili kufukuza mbung'o. Watu na mifugo walipata nchi mpya, lakini mizizi iliyoshika udongo ikapungua. Mvua za kwanza huikuta ardhi tupu baada ya kiangazi kirefu, nazo ndizo ziharibuzo zaidi. Kadiri dunia inavyopata joto, hewa hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi 1. Kwa hiyo mvua hushuka kwa nguvu, na jua nalo hukausha kwa nguvu. Majirani zetu wa Katesh hawajasahau tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoua watu zaidi ya 80. Bustani haizuii mlima usiporomoke. Lakini maji ya kiwanja chetu wenyewe yamo katika uwezo wetu.

Nalisema hili kwa toba. Nilipokuwa mchungaji kijana, niliagiza kiwanja cha usharika kifagiliwe hadi udongo uonekane, nikidhani huo ndio usafi. Maji ya bati yakakata korongo hadi katika shamba la mjane, jirani yetu. Kila Jumapili alipita kando yake akija ibadani, wala hakulalamika. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Kwanza, yahesabiwe maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 200, katika mvua ya milimita 30, hutoa lita 6,000. Yakingwe katika tangi, na yanayozidi yaongozwe kwenye makinga maji yaliyochimbwa kufuata usawa wa mteremko, si kumwelekea jirani.

Pili, udongo uvikwe. Majani makavu yasichomwe bali yatandazwe. Samadi na mboji viongezwe. Hili si jambo la kigeni: wazee wa Kiiraqw katika milima ya Kainam walilima miteremko mikali kwa matuta na samadi kabla ya ukoloni.

Tatu, mimea ipandwe kwa ngazi. Juu uwepo mringaringa, ambao maua yake meupe huwalisha nyuki, na mgunga wenye kivuli chepesi. Katikati iwepo mbaazi na matunda. Chini uwepo mshubiri, ambao maua yake mekundu humvuta ndege chozi hata wakati wa ukame. Minyaa hufaa kwa ua, ila utomvu wake ni hatari kwa macho ya watoto. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Nne, viumbe wapewe nafasi. Beseni lisilo na kina, lenye mawe ya kutulia, huwanywesha nyuki na ndege. Shina kavu lisilohatarisha mtu liachwe, maana ndege wengi hutaga katika matundu. Sumu zisipulizwe wakati maua yamechanua. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, jirani zetu, humfuata ndege awaongozaye kwenye mizinga ya porini. Wao wanajua kwamba asali huanzia kwa ndege, nyuki na mti pamoja.

Mwanafunzi wa Kiebrania atakumbuka kwamba katika Mwanzo 2:15 kitenzi kinachofasiriwa "kulima" chaweza pia kumaanisha kutumikia, na kile cha "kutunza" ndicho kitumikacho katika baraka ya Haruni, Hesabu 6:24. Basi kuitunza bustani ni kazi ya aina ile ile tunayomwomba Mungu atutendee sisi.

Korongo la mjane yule halikuzibika kwa mwaka mmoja. Tulipanga mawe, tukapanda majani ya tembo, tukangoja misimu mitatu. Leo ng'ombe wake wanakata chakula pale ulipokuwa ufa. Ndugu msomaji, kabla mvua za Novemba hazijaanza, toka nje, simama chini ya ukingo wa paa lako, ukaangalie maji yataelekea kwa nani.