Gari likizidisha mafuta msimu wa mvua Kigoma, usimlaumu dereva kabla ya kupima

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MVUA zinapoanza kunyesha mkoani Kigoma, huanza pia ugomvi usiokuwa na lazima kati ya wenye magari na madereva wao. Tajiri anakumbuka kwamba mwezi Agosti lita 20 zilitosha kwenda vijijini kubeba maharage na kurudi mjini. Mwezi Desemba dereva yule yule, kwa gari lile lile na njia ile ile, anapiga simu kwamba mafuta yamekatika kabla ya kufika. Neno la kwanza linalomjia tajiri ni wizi, na la pili ni kumtafuta dereva mwingine.

Wizi wa mafuta upo, na hakuna anayeukataa. Lakini wapo madereva wanaopoteza kazi kwa kosa la mvua, mlima na tope. Vilevile wapo wafanyabiashara wanaopanga nauli ya mzigo kwa hesabu za kiangazi, kisha wanashangaa msimu wa mvua unapokwisha na mtaji umepungua. Kwa mkoa ulio mbali na bandari kama Kigoma, jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini.

Mafuta yanayotumika hapa hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, safari hiyo ni ya kilomita 1,250 hivi. Gharama ya kuyasafirisha huingizwa katika bei kikomo ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza kila mwezi, na ndiyo maana lita moja hapa huuzwa ghali kuliko Dar es Salaam. Tone linalopotea Mwandiga ni ghali kuliko tone linalopotea Kariakoo.

Mlima haudanganyi

Ziwa Tanganyika liko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka ziwani karibu kila njia ni ya kupanda, na vilele vya milima iliyo juu ya ziwa, kama ile ya Gombe, hufika meta 1,500. Anayekwenda Kalinzi na Manyovu kufuata kahawa, ndizi au maharage anaijua miinuko hiyo vizuri.

Kuinua mzigo kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye tangi la mafuta. Chukua lori ambalo pamoja na mzigo lina uzito wa tani 10. Kulipandisha meta 700 tu, bila kuhesabu umbali linaokwenda wala upepo linaoukata, kunahitaji dizeli inayokaribia lita 6. Pikapu yenye uzito wa tani 2.5 pamoja na mzigo itahitaji lita moja na nusu hivi. Hakuna ufundi wa dereva unaoweza kuyafuta mafuta hayo. Hii ni hesabu ya mlima wenyewe.

Kwa sababu hiyo, mwenye gari anayepeleka bidhaa nzito milimani na kurudi mtupu asitegemee hesabu sawa na yule anayepanda mtupu na kuteremka na maharage. Kilomita ni zile zile, lakini wa kwanza anaupandisha mzigo na wa pili anauteremsha.

Hapa ndipo madereva wengi hufanya kosa la hatari. Wakifika kwenye mteremko hutoa gia na kuliacha gari litiririke lenyewe, wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Katika magari ya siku hizi, yale ambayo mafundi huyaita ya EFI, imani hiyo si sahihi. Gari likiteremka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, mtambo hukata petroli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini hulazimika kuendelea kuchoma mafuta ili isizimike. Hata kwenye injini za dizeli, gavana hubana mafuta gari linapoteremka kwenye gia. Zaidi ya hayo, lori lenye mzigo linaloteremka bila gia hutegemea breki peke yake. Breki zikipata moto hushindwa kushika, na ajali moja hugharimu kuliko mafuta ya mwaka mzima.

Tope linavyokula lita

Kigoma ina msimu mmoja mrefu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Lami sasa imefika sehemu kubwa ya barabara kuu za mkoa, ikiwamo ile ya Mwandiga hadi Manyovu. Hata hivyo, mazao hayaoti kando ya lami. Maharage, mihogo, mawese na tangawizi hutoka vijijini, ambako njia ni za udongo.

Tofauti ya njia hizi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nguvu ya kulisogeza polepole lori la tani 10 kwenye lami tambarare inalingana na ile ya kuinua mzigo wa kilo 100 hivi. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa vizuri huwa kama kilo 200. Kwenye tope laini inaweza kufika kilo 1,000 au kuzidi. Maana yake ni kwamba kilomita moja ya tope inaweza kumeza nguvu ambayo kwenye lami ingelipeleka lori hilo kilomita kadhaa.

Tope lina madhara mengine pia. Gari huenda kwa gia ndogo, injini ikizunguka sana na kusonga kidogo. Magurudumu yakiteleza, mafuta yanachomwa na gari haliendi popote. Udongo hung'ang'ania chini ya bodi na kuongeza uzito, na mbao au mkaa ulioloa huwa mzito kuliko mkavu. Kisha kuna kusubiri mvua ipite, au kusubiri lori lililonasa mbele litolewe. Gari dogo lililosimama huku injini inaunguruma hutumia takriban lita moja hadi mbili kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na kama kiyoyozi kinafanya kazi. Kama kusubiri kutazidi dakika moja au mbili, ni afadhali kuzima.

Karibu na ziwa kuna mchanga. Dereva mzoefu hupunguza upepo kwenye matairi ili gari lisizame, na hilo ni sawa. Kosa ni kurudi kwenye lami na matairi yale yale laini. Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, kila pungufu la paundi moja ya upepo katika matairi yote manne hupunguza umbali wa gari kwa kiasi cha asilimia 0.2. Tairi zilizopungua paundi 10 zitakula asilimia 2 ya mafuta, na zenyewe zitalika upesi na hata kupasuka kwa joto.

Upepo wa ziwani na mzigo wa juu

Wenye boti katika mialo ya Kibirizi na Katonga hawahitaji kufundishwa habari za upepo. Kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini mashariki unapovuma kwa nguvu ziwani, mwenye mashine anayekwenda kusini anajua kwamba dumu la petroli litakwisha mapema kuliko akirudi kaskazini.

Gari nalo linakata hewa kama boti inavyokata maji. Mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Upepo wa mbele huongeza mzigo huo, na upepo wa nyuma huupunguza. Ndiyo maana barabara kavu ya lami, inayotazamiwa kuokoa mafuta, inaweza kuyamaliza kwa haraka mikononi mwa dereva anayekimbia.

Jambo hili linawahusu sana wasafirishaji wa dagaa. Dagaa wakavu ni wepesi lakini wanachukua nafasi kubwa, hivyo magunia hupangwa juu kupita kichwa cha gari. Mzani unaonyesha mzigo mdogo, lakini hewa inakutana na ukuta. Turubai lililofungwa ovyo na kupepea njia nzima huzidisha hasara. Kwa magari madogo, Wizara hiyo ya Marekani inaeleza kwamba sanduku la mizigo juu ya paa linaweza kupunguza umbali kwa asilimia 6 hadi 17 katika mwendo wa barabara kuu. Keria isiyokuwa na kazi ifunguliwe, na mzigo mkubwa upangwe chini na kufungwa kwa kubanwa vizuri.

Daladala za Ujiji

Njia ya kati ya Kigoma mjini na Ujiji, kupitia Mwanga, haina milima mikubwa wala tope jingi. Adui wa mafuta hapa ni kusimama na kuondoka. Hiace yenye abiria, ikiwa na uzito wa tani 2.5, kila inapoondoka kituoni na kufikia mwendo wa kilomita 50 kwa saa huchoma petroli kama vijiko viwili vya chakula kwa ajili ya kupata mwendo tu. Ikifunga breki, mwendo huo wote hugeuka joto na kupotea. Ikisimama hivyo mara 30 au zaidi, lita moja imekwenda.

Dereva hawezi kukataa abiria, lakini anaweza kuacha kukanyaga mafuta kwa pupa ili kumuwahi abiria aliye meta 100 mbele. Kwa takwimu za Marekani, uendeshaji wa pupa katika safari za kusimama na kuondoka hupunguza umbali wa gari kwa asilimia 10 hadi 40. Anayeachia mafuta mapema na kukaribia kituo taratibu huokoa petroli, breki na klachi kwa pamoja.

Kwa magari ya ofisi na ya watu binafsi, joto la Kigoma huleta swali la kiyoyozi. Katika joto kali na safari fupi kinaweza kupunguza umbali kwa zaidi ya robo. Katika mwendo mdogo wa mjini kufungua vioo kunatosha. Katika mwendo mkubwa wa barabara kuu vioo vilivyo wazi huongeza ukinzani wa hewa, hivyo ni bora kuvifunga.

Ipo pia imani kwamba ukijaza mafuta alfajiri unapata mengi kwa sababu ya baridi. Ni kweli kwamba petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lakini matangi ya vituo huwa yamefukiwa ardhini, ambako joto hubadilika kidogo sana kati ya asubuhi na mchana. Faida yake haifiki kumfidia mtu usingizi wake.

Pima kwa njia na kwa msimu

Basi tajiri afanye nini? Jibu ni rahisi na linahitaji daftari tu. Jaza tangi hadi pampu ikatike yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, kisha fanya safari. Ukirudi, jaza tena katika kituo kile kile. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Rudia safari tatu au nne ili upate wastani, kwa kuwa safari moja inaweza kudanganya.

Jambo la muhimu ni kutounganisha njia tofauti katika hesabu moja. Njia ya Manyovu iwe na ukurasa wake, ya Kasulu wake, ya Ilagala wake, na kila njia iandikwe mara mbili, kiangazi na wakati wa mvua. Andika pia uzito wa mzigo na hali ya barabara. Ukifanya hivyo kwa mwaka mmoja, utajua kila gari lako linakula kiasi gani, wapi na lini.

Tuseme pikapu inakwenda safari ya kilomita 200 kufuata magunia 10 ya maharage. Kiangazi inakwenda kilomita 10 kwa lita, hivyo inatumia lita 20. Wakati wa mvua inakwenda kilomita 7 kwa lita, na mahitaji yanapanda hadi karibu lita 29. Ili hesabu iwe rahisi, tuchukue bei ya shilingi 3,000 kwa lita. Tofauti ni shilingi 27,000, sawa na shilingi 2,700 kwa kila gunia. Mfanyabiashara aliyenunua maharage kwa kutegemea hesabu za kiangazi anazitoa fedha hizo mfukoni mwake bila kujua.

Anayejua hesabu hii mapema ana njia kadhaa. Anaweza kukubaliana na wakulima bei inayozingatia msimu, kutoa mazao vijijini kabla ya mvua kubwa, au kuungana na wenzake wajaze lori moja badala ya kupeleka pikapu tatu.

Faida ya mwisho ni ya amani kazini. Wastani wa njia fulani wakati wa mvua ukiwa kilomita 7, dereva anayeleta 6.8 hana la kujibu. Anayeleta 4, wakati barabara ilikuwa nzuri na mzigo mdogo, huyo aulizwe, na gari nalo lipelekwe kwa fundi kuangalia breki zinazoshika, plagi au nozeli. Bila kumbukumbu, mwaminifu na mwizi wote wanafanana machoni pa tajiri.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafuta ni mali, tena ya bei kubwa. Mvua za Kigoma hazitabadilika kwa ajili ya biashara ya mtu, wala milima haitashuka. Kinachoweza kubadilika ni hesabu zetu.