Kabla Hujanunua Pleti Mpya ya Klachi

Trekta la Massey Ferguson 135 likianza kunguruma shambani bila kuvuta jembe, mwenye mali hukimbilia dukani kutafuta pleti ya klachi. Pleti inafungwa, trekta linalima vizuri, na msimu unaofuata ugonjwa unarudi uleule. Hapo lawama humwangukia aliyeuza kipuri. Mara nyingi kipuri hakina kosa: kilichoua pleti ya kwanza kiliachwa mlemle ndani, kikaua na ya pili.

Matrekta haya yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na mengi yana injini ya Perkins ya silinda 3. Umri huo si mdogo, na sili za mpira na za kamba hazizeeki sawa na chuma.

Pleti hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Ikibanwa, nguvu ya injini inafika kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, inaachiwa. Mengi ya 135 yana pleti mbili. Kanyaga pedali nusu, magurudumu yanasimama huku shafti ya nyuma, yaani PTO, ikiendelea kuzungusha mashine uliyoifunga. Kanyaga mpaka chini, vyote vinasimama. Dereva asiyejua hatua hizi mbili huhangaika bure na gia zinazolia.

Kupima ni rahisi. Tafuta mahali tambarare pasipo na mtu mbele, weka gia ya juu kabisa, shika breki imara, kisha achia pedali taratibu. Injini ikizima, pleti inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Pima mara moja tu, maana kila jaribio linaichoma.

Ikiteleza, anza na pedali. Lazima iwe na mchezo kidogo kabla haijaanza kusukuma kitu. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kitabu cha trekta. Pleti inavyolika, mchezo huo hupungua mpaka beringi ya rilizi inakaa imeegemea vidole vya klachi muda wote, na pleti haibanwi tena sawasawa. Kuurekebisha hakuhitaji kipuri. Nimeona trekta likifunguliwa lote kwa tatizo ambalo spana mbili zingelimaliza.

Kisha inama uangalie chini ya nyumba ya klachi, penye tundu dogo la kutolea uchafu. Mafuta meusi ya injini yakidondoka hapo, sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Yakiwa mazito na yenye harufu ya mafuta ya gia, tatizo ni sili ya shafti ya giaboksi. Pleti iliyolowa mafuta haioshwi ikapona. Ibadilishwe, lakini sili itangulie.

Kazi kubwa inakuja sasa. Trekta hili halina chasisi: injini, giaboksi na difu vimefungwa pamoja na ndivyo uti wake wa mgongo. Ili kuifikia klachi ni lazima ulitenganishe katikati. Ekseli ya mbele nayo inabembea kwenye pini moja, kwa hiyo usipopiga kabari za mbao pande zote mbili juu ya ekseli, injini italala upande mara tu itakapoachana na giaboksi. Watu huumia hapa. Kabari kwanza, stendi madhubuti chini ya giaboksi, jeki yenye magurudumu chini ya injini, ndipo bolti zifunguliwe.

Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa. Pleti za zamani zilikuwa na asbestosi, inayoharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Na kwa kuwa umekwisha kufika ndani, badilisha rilizi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na sili zote mbili. Thamani yake ni ndogo ukilinganisha na jasho la kulifungua trekta mara ya pili.

Pleti isimamishwe katikati kwa shafti kuukuu, au hata kijiti cha mninga kilichokerezwa kwa kipimo, kabla bolti za klachi hazijakazwa. Wakati wa kuunganisha, zungusha injini kwa mkono mpaka meno ya shafti yaingie yenyewe. Usivute kwa bolti hata kidogo. Pande hizo mbili zikikataa kukutana, kuna kitu hakijakaa. Fundi anayelazimisha hupinda pleti mpya au kupasua nyumba ya giaboksi.

Likishafungwa, mwambie dereva asipumzishe mguu juu ya pedali anapolima. Na wewe mwenye trekta, kabla hujamlipa fundi, mwombe akuwekee mkononi ile sili ya zamani aliyoitoa. Kama hana, muulize kwa nini.