Kihispania, Pipa na Wana wa Puge

Oya wanangu wa Puge, na nyie wa Nzega mpaka Tabora mjini, leo tuongee mchongo ambao kijiweni ukitajwa watu wanacheka halafu stori inahama: kukwea pipa kwenda mamtoni kukomaa na Kihispania. Watoto wa ushuani Dar wakiusema unaonekana bata tu, picha za baharini na kahawa. Mimi naona dogo anayeshinda stendi ya boda hapa kwetu, lami ikimpitia mbele kilomita kama 58 kutoka Nzega na 56 kuingia Tabora, ana sababu nzito zaidi ya kukitaka. Lugha inaongewa rasmi kwenye nchi 20, na hapa barabarani kwetu huwezi kumkuta hata mmoja wa kukuambia hiyo nafasi ni yake, wewe kaa pembeni.

Na asije mtu akaniambia kusafiri kufuata lugha ni mambo ya wazungu. Wahenga wetu Wanyamwezi karne ya 19 walitembea kwa mguu kutoka huku mpaka Bagamoyo, pembe za ndovu begani, miezi na miezi njiani. Msela ambaye hajaiona Pwani alikuwa bado mtoto machoni pa kitaa, hata kama ndevu zimejaa. Wakirudi walikuwa na vitambaa, shanga, bunduki, na Kiswahili kinapanda freshi. Hakuna aliyelipa ada wala kukaa darasani. Walikuwa na kazi, na kazi ilienda kwa Kiswahili: kupatana bei, kuomba maji, kugombania posho na mkuu wa msafara. Lugha iliingia kichwani kwa sababu bila hiyo hauli.

Msimamo wangu wote uko hapo. Mwana ukisafiri, safiri kwenda kufanya kitu ambacho kinafanyika kwa Kihispania. Soma udaktari, cheza mpira, pika, fuga, jenga. Anayeenda kwa ajili ya lugha peke yake mara nyingi anaishia kukaa na Waafrika wenzake geto, wanapika ugali, wanapiga ung'eng'e, miezi inakata.

Ngoja niwape stori ya Freddy Ilanga, maana huyu mwamba anatakiwa ajulikane kila kijiwe cha Afrika Mashariki. Aprili 1965 Che Guevara alitua Dar es Salaam kimya kimya, akakatiza nchi yetu kwa gari na kikosi cha kwanza cha Wakuba mpaka Kigoma, wakavuka Ziwa Tanganyika usiku kwenda kupigana Kongo. Majina ya vita waliyochukua ni namba za Kiswahili: mwenzake Dreke akawa Moja, Che mwenyewe akawa Tatu. Kule ng'ambo waasi wakampa Che dogo wa Kikongo, miaka kama 16, amfundishe Kiswahili na awe anamtafsiria. Ndiye Freddy. Walielewana kwa Kifaransa, dogo anamkalisha chini kamanda anayejulikana dunia nzima, anamfundisha kusalimia na kuamrisha. Miezi saba hivi wako pamoja, porini, njaa, mvua, malaria.

Vita vikabuma Novemba mwaka huohuo. Freddy akapelekwa Kuba, Kihispania hana kabisa, familia haijui alipo. Dogo alikaza. Akajifunza lugha, akapiga msuli wa udaktari, akabobea kwenye upasuaji wa ubongo wa watoto, akaishi na kufanya kazi Bayamo, mji wa mashariki ya kisiwa. Alioa huko, akazaa huko. Ndugu zake Kongo walikuja kusikia sauti yake baada ya karibu miaka 40, na mwaka 2005 akafariki. Nikiisoma hii stori huwa nafurahi na naumia kwa pamoja. Hakuna mwana wa pande hizi za ziwa niliyemsikia aliyeingia kwenye Kihispania kwa kina kile, mpaka kuongea na mama wa mtoto mgonjwa kabla ya kumfungua kichwa. Lakini alilipa kwa miaka ya kutomwona mama yake. Siku hizi una simu, bi mkubwa unampigia hata kwa bando la jero. Hiyo bei ya Freddy wewe hulipi, mshukuru Mungu.

Njia ya Kuba bado ipo. Mwaka 1999 walifungua Havana chuo cha udaktari kwa wageni, ELAM, ambako asiyejua Kihispania anaanza na kozi ya lugha kabla hajagusa vitabu vya tiba. Septemba 2018 Kenya ilituma madaktari 50 huko wakasomee tiba ya familia, wasee walioshazoea kusoma kila kitu kwa Kiingereza, ghafla mhadhara ni Kihispania, mgonjwa ni Kihispania, mtihani ni Kihispania. Hapo hakuna kitonga. Na niwe mkweli kwenu: maisha Kuba kwa sasa yamebana kinoma. Chakula cha kupanga foleni, na Oktoba 2024 gridi ilianguka, kisiwa kizima giza. Ila mwana wa Puge aliyesomea kibatari hadi kidato cha nne hapigwi na mshtuko wa umeme kukatika. Anayeteseka zaidi ni aliyezoea feni.

Upande wa mpira mnaujua vizuri, ila huwa hatuuangalii kama shule ya lugha. Farid Mussa alitoka Azam akaenda Tenerife, kisiwa cha Hispania jirani na Moroko. Michael Olunga wa Kenya aliichezea Girona, na Januari 2018 akawapiga Las Palmas tatu peke yake, mechi ikaisha 6-0. Na madada wa Twiga Stars ndio wamenipa mzuka zaidi: Julietha Singano akasaini Juárez, Enekia Lunyamila akasaini Mazatlán, zote timu za Meksiko. Hebu fikiria beki anavyotakiwa kupiga kelele "toka, rudi, mtu nyuma yako" kwa lugha ambayo jana hakuwa nayo, straika wa watu anakuja mbio. Kocha hakusubiri umalize sura ya tatu ya kitabu. Manzi wa Puge mwenye miguu, akisikia hivyo, aanze kuhesabu Kihispania akiwa bado anacheza peku.

Hispania yenyewe ni suala la mkwanja. Kukaa kule kwa viza ya mwanafunzi wanataka wajiridhishe una euro 600 kwa kila mwezi utakaokaa, ni zaidi ya milioni moja na nusu ya kwetu, na kozi ya lugha iwe na saa 20 au zaidi kwa wiki. Hapo hujagusa ada wala nauli ya pipa. Piga hesabu ya magunia ya mpunga mwenyewe, uone mshua atauza ng'ombe wangapi. Kwa kweli sikushauri dingi auze mifugo kwa ajili ya kozi ya miezi sita. Na mtu akikufuata na "nafasi ya Hispania" anataka teni leo, laki kesho, sepa. Ubalozi wa Hispania upo Dar, masharti yao wanayaweka wazi, na nafasi ya kusoma ya serikali kwa serikali haiuzwi kwenye kibanda cha M-Pesa.

Sasa kitu ambacho hakuna gharama: anzia geto. Sisi tuna bahati ambayo Mwingereza hana. Irabu za Kihispania ni tano zilezile zetu, a, e, i, o, u, na zinatamkwa vilevile kila mahali, kwa hiyo ukiona neno unalisoma. Ñ yao ni ny ya Nyamwezi. J yao inakwaruza koo kama kh ya kheri kwa wazee wa Pwani. Z huko Madrid ni th ya thamani, ila Kuba na Meksiko ni s tu. Kinachosumbua ni vitenzi. Sisi mtendaji tunamweka mwanzoni, nasoma, unasoma, wanasoma. Wao wanambadilisha mwishoni, na wakati nao umekaa hapohapo mwishoni, mpaka kichwa kichemke. Komaa na vitenzi 50 vya kila siku kwanza. Usikilize pia zaidi ya kusoma, maana Wakuba wanameza s za mwisho wa silabi, na msanii Bad Bunny wa Puerto Rico naye hivyohivyo, hivyo anayejua maandishi peke yake akitua Havana anaachwa solemba kwenye salamu. Ukifika kiwango cha kuongea bila kutetemeka kuna mtihani wa DELE wa Instituto Cervantes, A1 mpaka C2, na cheti chake hakina tarehe ya kufa.

Kwa anayetaka Kihispania bila kutoka Afrika, kuna Guinea ya Ikweta, ilipata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968, na mjini Malabo shuleni na ofisini ni Kihispania. Mbali kidogo, ila ni bara letu.

La kufanya wiki hii ni pasipoti. Uhamiaji mkoa wapo Tabora mjini, panda basi asubuhi, jioni umerudi kijiweni. Ada ni 150,000, ni hela ndefu kwa dereva boda, najua, ila inagawanyika ukianza kuweka buku mbili mbili kila siku kuanzia kesho. Ikitoka inakaa miaka 10. Mchongo wa Kuba au wa timu ya Meksiko ukitangazwa, huwa wanatoa wiki chache tu, na wana wengi wa kitaa wanakosa kwa sababu hawana hicho kitabu, wakati vitenzi wanavyo.