Mahali pa Faragha na Amani ya Kweli: Funzo kutoka Coburg, 1530

Mchungaji aliyechoshwa na vikao, misiba na mashauri ya washarika hutamani kwenda mlimani au kando ya mto apate kutulia. Shauku hiyo ni njema. Lakini swali la kitheolojia labaki: je, utulivu wa mahali ndio uletao amani? Twaweza kujifunza kwa Martin Luther alipokaa katika ngome ya Coburg, Ujerumani, kuanzia Aprili hadi Oktoba 1530.

Kwa kuwa alikuwa amepigwa marufuku na Kaisari, Luther hakuweza kufika Augsburg, ambako Ungamo lilisomwa tarehe 25 Juni. Alibaki juu ya kilima, akisikiliza kelele za ndege, ambao kwa mzaha aliwafananisha na wakuu waliokutana katika Baraza la Dola. Hata hivyo, mahali hapo hapakumwondolea taabu. Aliugua, na mwanzoni mwa Juni alipopata habari za kifo cha baba yake, alichukua Zaburi, akaingia chumbani kulia.

Tarehe 5 Agosti alimwandikia Chansela Gregor Brück juu ya mambo aliyoyaona dirishani: nyota na kuba la mbingu lisilo na nguzo, wala halianguki, na mawingu mazito yapitayo juu bila kitu cha kuyabeba. Tutambue kwamba mbingu hizo hazikumfundisha Injili. Ahadi aliyokwisha kuisikia katika Neno ndiyo iliyomwezesha kuona angani kazi ya mkono ule ule unaolishika Kanisa.

Tena, mwezi Julai mwaka huo huo, alimshauri Hieronymus Weller, aliyesumbuliwa na huzuni, aukimbie upweke na kutafuta watu. Yeye mwenyewe alikaa ngomeni pamoja na katibu wake, Veit Dietrich. Basi, faragha si dawa ya kila moyo.

Kwa hiyo, aendaye mahali pa utulivu na aende na Zaburi; autazame uumbaji na kushukuru; awataje washarika wake mbele za Mungu; kisha arudi kwao. Aliyelemewa na huzuni asiende peke yake, bali afuatane na ndugu. Na mtu asipopata utulivu huko, asidhani kwamba Mungu amemwacha, maana ahadi ya Mungu haitegemei kimya cha msitu.