Nyumba za kupangisha Mpanda: Mwenye mtaji mdogo aanzie wapi?

Msimu wa mpunga na mahindi unapomalizika, wafanyabiashara wengi wa Mpanda hufikiria kuweka faida yao kwenye kiwanja. Wazo hilo lina msingi. Katavi ilimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012 na Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Watumishi, walimu na mafundi wanaohamia huhitaji vyumba. Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, iliyozinduliwa mwaka 2022, nayo imerahisisha safari. Hata hivyo, mwenye akiba moja tu akiipoteza kwenye kiwanja chenye mgogoro, hana ya pili.

Karatasi kabla ya tofali

Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mnunuzi hupata haki ya kuitumia ardhi pamoja na maendelezo yaliyomo. Kwa hiyo hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa huonyesha tu kwamba watu wawili wameuziana. Haithibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye haki, wala kwamba eneo halikutengwa kwa ajili ya barabara, shule au soko.

Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, mnunuzi afike ofisi ya ardhi ya manispaa akiwa na namba ya kiwanja. Aulize jina la mmiliki, matumizi yaliyopangwa kwenye ramani ya mipango miji, deni la kodi ya pango la ardhi, na kama kiwanja kimewekwa rehani. Muuzaji mwenye ndoa aje na mwenzi wake, naye aridhie kwa maandishi.

Vijijini hutumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na msimamizi ni halmashauri ya kijiji. Makubaliano na mzee mmoja mwenye shamba hayatoshi. Aidha, mashamba ya bei poa yaliyo kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi au misitu ya hifadhi yachunguzwe mipaka yake kwanza.

Hesabu ya vyumba viwili

Chukua mfano wa kiwanja na vyumba viwili vilivyogharimu jumla ya sh. 6,000,000/=. Kila chumba kikipangishwa kwa sh. 30,000/= kwa mwezi, na vikakaa wapangaji miezi 10 kwa mwaka, mapato ni sh. 600,000/=. Ukitoa sh. 100,000/= za matengenezo na kodi mbalimbali, ikiwemo kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, hubaki sh. 500,000/=. Mtaji utarudi baada ya miaka 12.

Sasa chukua fedha hizo hizo kwa mkopo wa riba ya asilimia 18. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia sh. 1,080,000/=, yaani zaidi ya mara mbili ya faida ya pango. Mwekezaji wa namna hiyo atalipa nyumba kwa fedha za dukani hadi duka lenyewe liyumbe.

Njia salama ni kujenga kwa akiba, hatua kwa hatua: msimu huu kiwanja kilichopimwa, msimu ujao msingi, kisha chumba kimoja kikamilike na kupangishwa kabla ya kuanza cha pili. Akiba ya VICOBA au SACCOS itumike kumalizia paa, si kununulia kiwanja. Mwenye kiwanja azingatie pia muda wa kuendeleza uliotajwa kwenye masharti ya umiliki.

Mpangaji ni nani?

Reli ya Kaliua–Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa takriban mwaka 1960, na waliotegemea mishahara ya mgodi walikosa wateja. Wanaojenga leo kwenye machimbo ya dhahabu wakumbuke hilo.

Vyumba vilivyo karibu na hospitali, shule, ofisi au soko huwa na wapangaji wa aina nyingi. Huko Mpimbwe, Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA huleta wanafunzi, lakini mwenye nyumba ahesabu pia miezi ya likizo. Asiyeweza kutaja makundi mawili ya watu watakaopanga kwake angoje kwanza, na fedha zake zizunguke kwenye mazao.