Magitaa ya kopi yanalipa, ila soma kwanza jina kichwani

Wauzaji wenzangu, mmeniuliza sana inbox kuhusu yale magitaa ya umeme ya bei chee yanayofanana na Stratocaster au Les Paul. Mimi nayauza, na yanalipa.

Squier ni chapa ya Fender wenyewe, na Epiphone iko chini ya Gibson tangu 1957. Hizo ni halali, ziandike kwa jina lake. Ila ukikuta limeandikwa "Gibson" kichwani na bei ni ya kutupa, hilo feki. Hata likilia vizuri usiliguse, tangazo linaweza kushushwa na akaunti ikafungwa.

Halafu kuna ubovu wa kiwandani. Gitaa langu la kwanza lilirudi siku ya tatu: vyuma vya shingoni vinakwaruza vidole, nyuzi zinalegea kila saa. Nikarudisha hela, na bodaboda juu yangu. Kumbe mbao ilikuwa nzima kabisa! Fundi akasugua ncha za vyuma, akabadilisha vile vishikizo vya kukazia nyuzi, nikaliuza tena. Siku hizi hela ya fundi naipigia hesabu kabla sijapanga bei, na kwenye tangazo naweka video gitaa likipigwa, shingo ikionekana kwa karibu.