Moto Hafifu wa Plagi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari la petroli la miaka ya themanini au tisini likianza kugoma asubuhi, kumisi mlimani na kunywa mafuta kupita kawaida, wenye magari wengi hukimbilia duka la spea. Leo plagi, wiki ijayo koili, mwisho wake distributa nzima. Fedha zinakwisha na gari bado linamisi. Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa hasara hiyo huuma zaidi, kwa sababu spea ya umeme ikishafungwa kwenye gari wauzaji wengi hawaipokei tena, na kuifuata nyingine kutoka Kayanga hadi Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita 100.

Hapa tunazungumzia magari ya petroli yenye distributa: Hilux za kabureta, Hiace, Corolla na Noah za zamani. Gari la dizeli halihitaji moto wa plagi, kwa hiyo likisumbua tatizo liko kwingine.

Vipimo vya bure au vya bei ndogo

Anza na betri. Ikiwa imechajiwa vizuri na injini imezimwa, isome karibu volti 12.6. Ukipiga stata, isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, koili inanyimwa umeme na moto lazima uwe dhaifu, hata kama spea nyingine zote ni nzima. Safisha vichwa vya betri, kisha kagua waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Waya uliolegea au kuliwa na kutu huleta dalili zile zile za koili mbovu.

Pili, fungua kofia ya distributa uiangalie ndani ukiwa juani. Wilaya hizi zina asubuhi za ukungu, na barabara nyingi za vijijini ni za vumbi. Vumbi likichanganyika na unyevu huupa umeme njia ya mkato. Ukiona mstari mwembamba mweusi unaotoka kwenye ncha moja hadi nyingine, kama uliochorwa kwa penseli, umeme umeshachoma njia yake hapo. Kusugua hakusaidii, kofia hiyo ni ya kubadilisha. Ukikuta unyevu tu bila mstari, kausha kwa kitambaa safi, rudishia, ujaribu tena.

Tatu, subiri giza. Washa injini, zima taa, fungua boneti. Vimulimuli vya bluu vikionekana kwenye waya za plagi, umeme unavuja kabla ya kufika unakotakiwa.

Nne, gari likigoma kuwaka, toa plagi moja. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila moto hautoshi. Ikiwa kavu, kagua kwanza mfumo wa mafuta. Kisha fundi aichomeke plagi hiyo kwenye waya wake, chuma chake kiguse injini, halafu apige stata. Moto mzuri ni wa bluu unaoelekea weupe na unalia “ta! ta!”. Moto wa njano au mwekundu, mwembamba, ni hafifu. Na ukionekana hafifu nje, ndani ya silinda hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa umeme hupata taabu kuruka kwenye hewa iliyoshindiliwa.

Kipimo hiki kifanywe kwa tahadhari: umeme huo hufikia makumi ya maelfu ya volti. Tumia koleo lenye mpini wa plastiki, weka petroli mbali, na usiache waya ukining'inia bila kugusa plagi, maana unaweza kuunguza kifaa cha elektroniki cha kuwashia.

Ukimaliza hayo, mpe kazi fundi umeme mwenye multimita. Kwenye Toyota nyingi za zamani, waya mmoja wa plagi usizidi omu 25,000. Fundi apime pia nafasi ya plagi: karibu milimita 0.8 kwa gari lenye pointi ndani ya distributa, na mara nyingi 1.1 kwa mfumo wa elektroniki. Pointi zenyewe ziwe karibu 0.45. Nafasi ikipanuka kupita kiasi, koili nzima itaonekana mbovu.

Hesabu inavyokuwa

Chukua mfano huu, kisha weka bei za duka lako. Kupimiwa shilingi 10,000, plagi nne 28,000, seti ya waya 50,000, kofia na rota 35,000, koili 45,000. Anayebadilisha vyote kwa kubahatisha anatoa 158,000 kabla ya ufundi. Aliyepima akakuta kofia ndiyo mbovu, akaibadilisha pamoja na rota, anatoa 45,000. Amebakiwa na 113,000. Hata fundi akidai mara mbili ya ile 10,000 kwa kupima, bado kupima ni nafuu.

Mpya au mtumba?

Plagi nunua mpya daima. Za iridiamu hudumu muda mrefu lakini bei yake iko juu sana. Kwenye injini kuukuu inayokula oili zitajaa masizi kabla hujafaidi bei hiyo. Plagi ya kawaida inatosha. Waya nunua seti nzima, mpya. Kofia na rota vibadilishwe pamoja. Pointi na kondensa vilevile, kwa kuwa kondensa mbovu huunguza pointi mpya upesi.

Koili na distributa ndizo spea ambazo mtumba halisi wa Japani unaweza kuwa chaguo zuri. Koili ipimwe hapo hapo dukani, na mkubaliane kuirudisha ikigoma inapopata joto. Koili nyingi mbovu huzima gari likichemka na kulirudisha likipoa. Distributa ishike shafti uitikise. Ikicheza huku na huku, iache.

Jihadhari na plagi feki za NGK na Denso. Maandishi yaliyofifia, uzi wenye makwaruzo na nafasi zinazotofautiana ndani ya seti moja ni dalili mbaya. Dai risiti, na ukiuziwa bandia ripoti kwa Tume ya Ushindani.

Ununue wapi?

Plagi, waya, kofia na pointi zinunue Kayanga, Omurushaka au Nkwenda hata zikizidi bei kidogo, kwa sababu ukipewa isiyofaa unarudi siku hiyo hiyo. Bukoba nenda kwa koili au distributa. Ukiagiza Kariakoo kwa basi, tuma namba iliyoandikwa kwenye spea ya zamani, kwa kuwa jina la gari peke yake halitoshi. Wa Kyerwa wanaovuka Murongo kwenda Kikagati, Uganda, wajumlishe nauli, ushuru na ugumu wa kuvuka tena mpaka kurudisha kifaa kibovu.

Ushauri wetu ni kulipia kipimo kabla ya kulipia spea, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukifika gereji mwambie: “Fundi, naomba unipimie kwanza, unionyeshe kilichoharibika, na spea ya zamani unirudishie.” Fundi anayekataa ombi hilo, tafuta mwingine.